Kuhara na Kutapika: Dawa Iliyomo Jikoni

Mji wa Gilgil, ulio baina ya Naivasha na Nakuru, umekaa juu ya usawa wa bahari kadiri ya mita 2,000, na usiku wake una baridi kali. Kwa sababu hiyo watu wengi wa huko, tumbo likiharibika ghafula, husema kwamba ni baridi iliyoingia mwilini. Mtoto hulala mzima, akaamka usiku wa manane akitapika, na kunapopambazuka amekwisha kuhara mara nne. Siku ya pili ndugu yake naye yu kitandani, na siku ya tatu ni zamu ya mama mwenyewe. Wengine huyaita maradhi haya mafua ya tumbo, na wengine homa ya tumbo. Majina yote mawili hupoteza njia. Mafua ni maradhi ya pua, koo na mapafu. Tena homa ya matumbo ni jina la taifodi, ambayo ni maradhi mengine kabisa, yaliyo na homa ya siku nyingi na yanayotaka dawa ya daktari. Kuhara na kutapika kwa ghafula, kuingiako nyumba moja na kupitia kila kitanda, mara nyingi huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana hata kwa darubini ya kawaida.

Virusi hivyo ni vya namna nyingi, lakini viwili ndivyo mashuhuri. Vya kwanza huitwa virusi vya noro, kwa sababu viligunduliwa katika maradhi yaliyoenea mwaka 1968 katika shule moja ya mji wa Norwalk, jimbo la Ohio, Marekani. Hivi huwapata wakubwa kwa wadogo, na kwa kawaida huondoka baada ya siku moja hata tatu. Vya pili ni virusi vya rota, vilivyotambuliwa mwaka 1973 huko Melbourne, Australia, na Bibi Ruth Bishop na wenzake. Viliitwa hivyo kwa kuwa umbo lake hufanana na gurudumu. Hivi hupenda zaidi watoto walio chini ya miaka mitano, na huweza kukaa juma zima. Hakuna dawa ya kuviua virusi hivi vikiwa tumboni. Vidonge vya kuua bakteria, ambavyo watu wengi hukimbilia kununua dukani mara tumbo linapouma, havivigusi hata kidogo, na huenda vikazidisha kuhara.

Basi kama hakuna dawa ya kuviua, kazi ya nyumbani ni nini? Kazi ni kumlinda mgonjwa asikauke mpaka mwili wake wenyewe utakapovishinda. Mtoto hauawi na virusi. Huuawa na upungufu wa maji na chumvi zitokazo mwilini mwake. Robo tatu ya mwili wa mtoto mchanga ni maji, na kwa kuwa mwili wenyewe ni mdogo, saa chache za kuhara na kutapika zinatosha kumfikisha ukingoni mwa kaburi. Mtu mzima huweza kuvumilia kutwa. Mtoto wa miezi minane hawezi.

Maarifa ya kuyarudisha maji hayo kwa njia ya kinywa si ya zamani sana, na habari zake zastahili kujulikana na kila mzazi. Kwa miaka mingi waganga walidhani kwamba tumbo linaloharisha haliwezi kupokea kitu, na ya kuwa njia pekee ni kumtia mgonjwa maji kwa sindano katika mshipa. Mwaka 1960 mtaalamu wa Marekani, Robert Crane, alieleza katika mkutano uliofanyika Prague jinsi utumbo unavyofyonza sukari na chumvi kwa pamoja. Mfano wake ni mlango wenye kufuli mbili: sukari peke yake haifungui vema, wala chumvi peke yake haifungui, zikija pamoja mlango hufunguka, na maji huzifuata. Jambo la ajabu ni kwamba mlango huo huendelea kufanya kazi hata mtu anapohara sana. Mwaka 1968 waganga David Nalin na Richard Cash, waliokuwa wakifanya kazi Dhaka, walionyesha kwamba hata wagonjwa wa kipindupindu waliweza kunyweshwa maji ya namna hiyo wakapona, na haja yao ya maji ya sindano ikapungua sana.

Lakini jaribio kubwa lilitokea mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh. Mamilioni ya wakimbizi walivuka mpaka wakaingia India, na katika kambi ya Bongaon kipindupindu kikawashambulia. Maji ya sindano yakaisha. Daktari Dilip Mahalanabis, aliyekuwa akiongoza matibabu hapo, aliamuru sukari na chumvi zichanganywe kwa vipimo, maji yatiwe katika mapipa, na jamaa za wagonjwa wenyewe wapewe vikombe wawanyweshe ndugu zao. Kabla ya hapo karibu wagonjwa 30 katika kila 100 walikuwa wakifa. Kwa wale walionyweshwa maji hayo vifo vilishuka hata asilimia 3.6. Walionywesha hawakuwa waganga wala wauguzi. Walikuwa akina mama, akina baba na ndugu, wengi wao wasiojua kusoma. Mama wa Gilgil mwenye sufuria, kijiko na kikombe ana vyombo vile vile walivyokuwa navyo.

Namna ya kuchanganya

Dawa iliyo bora ni ile ya pakiti, inayopatikana katika zahanati na maduka ya dawa kwa jina la ORS, na bei yake si kubwa. Ndani yake mna sukari ya glukosi, chumvi ya kawaida, chumvi ya potasiamu, na sitreti, vyote vimepimwa. Pakiti nyingine ni za maji ya nusu lita na nyingine ni za lita moja. Mama hana budi kusoma maandishi yaliyo juu yake, au kumwomba mwanafunzi wa nyumbani amsomee. Pakiti ya lita moja isigawanywe kwa kukisia, wala isitiwe ndani ya chai, maziwa au soda. Maji yakishachanganywa yafunikwe, na yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

Pakiti isipokuwapo, na usiku ni mwingi, na zahanati ni mbali kama ilivyo kwa wakaao mashambani upande wa Elementaita, mchanganyiko huweza kufanywa nyumbani. Maji safi lita moja, ambayo ni sawa na chupa mbili za soda za mililita 500. Sukari vijiko vya chai 6. Chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko viwe sawasawa, yaani juu pamekatwa kwa mgongo wa kisu, visiwe na kilima. Yakishakorogwa, mama na aonje kwanza. Yakiwa na chumvi kuliko machozi, yamwagwe na kazi ianzwe upya, kwa maana chumvi ikizidi humdhuru mtoto vibaya. Sukari nayo ikizidi huvuta maji kutoka mwilini na kuyaingiza utumboni, na kuhara huongezeka. Hapa ndipo wengi hukosea kwa nia njema kabisa: humnunulia mgonjwa soda, wakaitikisa itoke gesi, wakidhani inampa nguvu. Soda ya kola ina sukari ya gramu 100 na zaidi katika kila lita, hali dawa ya pakiti iliyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2002 ina gramu 13 na nusu tu. Kumpa mtoto anayehara soda ni kama kuziba tundu la paa kwa kulipanua.

Maji yenyewe lazima yachemshwe, na jambo hili lina habari yake kwa wakaao nyanda za juu. Pwani maji huchemka kwa joto la digrii 100, lakini Gilgil huchemka yanapofika kadiri ya 93, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Joto hilo linatosha kuua vijidudu vya maradhi. Ila huko juu yafaa maji yaachwe yatokote kwa nguvu dakika 3, badala ya dakika moja inayotosha mahali pa chini. Kisha yapoe katika sufuria ile ile iliyofunikwa. Jambo jingine, ijapokuwa liko kando ya somo hili: visima vingi vya Bonde la Ufa, pande za Nakuru na Naivasha, vina madini ya floraidi kutoka katika miamba ya volkano, nayo ndiyo huyafanya meno ya watoto kuwa na rangi ya kahawia. Kuchemsha hakuondoi floraidi; maji yakipungua sufuriani yenyewe huzidi ukali. Mwenye bati safi na pipa la kutega mvua afadhali amwekee mtoto mchanga maji hayo ya mvua, naye ayachemshe vile vile.

Namna ya kunywesha

Watu wengi hushindwa hapa, si katika kuchanganya. Mtoto hupewa kikombe kizima, hukinywa kwa pupa kwa sababu ana kiu, kisha hutapika chote, na mama hukata tamaa akasema dawa imekataa. Tumbo lenye kichefuchefu halitaki kujazwa. Mtoto na anyweshwe kwa kijiko kidogo, kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Akitapika, mama angoje dakika 10, kisha aanze tena polepole zaidi. Kazi hii huchosha, hasa usiku wa baridi. Ndiyo sababu yafaa watu wa nyumbani wapokezane. Kila mtoto anapohara, aliye chini ya miaka miwili apewe robo hata nusu ya kikombe cha chai. Aliye na miaka miwili mpaka 10 apewe nusu hata kikombe kizima. Mkubwa anywe kadiri apendavyo. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya, tena mara nyingi kuliko kawaida.

Mazungumzo ya namna hii husikika katika nyumba nyingi mhudumu wa afya wa kijiji anapopita. Nyanya wa mtoto husema, “Mwanangu, mwacheni kwanza asile kitu. Tumbo lipumzike.” Mhudumu, ambaye kwa umri ni kama mjukuu wake, hujibu kwa adabu: “Nyanya, tumbo hili halipumziki. Hata asipotiwa kitu, linaendelea kutoa maji. Yale yanayotoka ndiyo ya mwili wake.” “Na mimi niliwalea saba kwa kuwanyima chakula wakiharisha.” “Ni kweli, Nyanya, na Mungu aliwasaidia. Lakini si uji uliwapa walipoanza kupata nafuu?” “Uji, ndiyo. Wa wimbi.” “Basi tumpe uji huo leo, usingoje kesho.”

Nyanya huyo hakukosa katika jambo la uji. Uji mwembamba wa wimbi au wa mahindi, wenye chumvi kidogo sana, ni kinywaji chema cha mgonjwa, kwa maana wanga wake hugeuka sukari polepole utumboni na kuufungua ule mlango uliotajwa. Maji yaliyopikiwa mchele yana faida hiyo hiyo, na supu ya mboga pia. Watu wa pwani huwapa wagonjwa madafu. Gilgil hakuna minazi, na anayesafirisha dafu kutoka Mombasa kwa ajili hiyo anapoteza fedha, kwa kuwa jiko lake lina kitu kilicho bora. Kutapika kukitulia, hata baada ya saa tatu au nne, mgonjwa apewe chakula: viazi vilivyopondwa, ambavyo katika nchi hiyo si haba, wali laini, ndizi mbivu, yai lililopikwa likaiva. Chakula kidogo mara sita kwa siku chafaa kuliko sahani kubwa mbili. Baada ya kupona, mtoto aongezewe mlo mmoja kila siku kwa majuma mawili ili arudishe uzito alioupoteza.

Tangawizi iliyopondwa na kuchemshwa katika maji huweza kupunguza kichefuchefu cha mtu mzima, akinywa kwa funda ndogo ndogo. Hiyo haina neno. Majani ya mpera na mizizi ya namna mbalimbali pia husifiwa, lakini kipimo chake kwa mtoto hakuna akijuacho, na dawa ambayo kipimo chake hakijulikani haifai kutiwa katika kinywa cha mtoto mchanga. Vidonge vya kufunga tumbo, ambavyo wasafiri huvinunua, asipewe mtoto kabisa. Na mkubwa mwenye homa au mwenye kuhara damu naye ajiepushe navyo.

Zinki ni dawa nyingine iliyo lazima kwa watoto, ingawa wazazi wengi hawaijui. Tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wameshauri kila mtoto anayehara apewe vidonge vya zinki kwa siku 10 hata 14: miligramu 20 kwa siku kwa aliyepita miezi sita, na miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo. Kidonge huyeyushwa katika kijiko chenye maji safi au maziwa ya mama. Hufupisha kuhara, na hulinda tumbo katika miezi ifuatayo. Kosa la kawaida ni kuviacha mara mtoto anapoacha kuhara, vikabaki nusu juu ya kabati.

Mambo yanayoua

Kuna desturi mbili ambazo haziwezi kupitwa kimya. Ya kwanza ni ile ya kung'oa yanayoitwa meno ya plastiki. Katika sehemu kadhaa za Kenya, Tanzania na Uganda, mtoto mchanga akiharisha na kuwa na homa, hupelekwa kwa fundi, naye hutazama ufizi, akaona uvimbe mweupe mahali pa chonge, akasema kwamba hayo ndiyo meno mabaya yanayoleta maradhi. Huyachokoa kwa kisu, msumari au spoki ya baiskeli. Uvimbe huo si ugonjwa. Ni jino la utoto lenyewe likiwa bado changa ndani ya ufizi, na kila mtoto duniani analo. Mtoto aliyekuwa akipungukiwa na maji sasa hupungukiwa na damu pia, na kidonda kikiingia uchafu huleta pepopunda au sumu ya damu. Akiokoka, huenda jino la kudumu likaota limepotoka au lisiote kabisa. Desturi ya pili ni kukata kimio kwa mtoto anayetapika au kukohoa. Madhara yake ni yale yale. Wazazi wanaofanya hivyo hawafanyi kwa ukatili. Hufanya kwa hofu, kwa kuwa wamemwona mtoto akizidi kudhoofika, na fundi yu karibu kuliko hospitali. Lakini kuhara kwa virusi hukoma kwenyewe baada ya siku chache, na fundi aliyekata siku ya tatu husifiwa siku ya tano kwa kazi isiyo yake.

Zipo hali ambazo za nyumbani hazitoshi. Mtoto apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi ikiwa hawezi kunywa au hutapika kila kitu. Ikiwa macho yameingia ndani, analia bila machozi, utosi umebonyea, au hajakojoa kwa saa sita. Ikiwa ngozi ya tumbo ikifinywa hurudi polepole. Ikiwa amelegea na haamki vema, au ana degedege. Ikiwa choo kina damu. Choo kilicho kama maji ya kuoshea mchele, kingi na cha mfululizo, huenda ni kipindupindu, kama kile kilichoenea katika sehemu nyingi za Kenya tangu Oktoba 2022. Huyo ni wa hospitali, awe mkubwa au mdogo, naye anyweshwe njiani. Mtu aliyerudi karibuni kutoka pande za ziwa Viktoria, Baringo au pwani, akawa na homa na kutapika, apimwe malaria, ingawa Gilgil kwenyewe mbu wa malaria ni wachache. Na maumivu makali yanayokaa upande wa kulia chini ya tumbo si ya virusi. Hayo ni ya daktari wa upasuaji kuyatazama. Gilgil ina hospitali yake ya serikali, na mgonjwa akizidi hupelekwa hospitali kuu ya Nakuru. Tena tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya wa jamii wamepewa mikoba yenye vifaa, nao huweza kuulizwa hapo hapo kijijini.

Ikiwa mgonjwa ni mmoja nyumbani, bado kuna nafasi ya kuwaokoa waliobaki. Virusi vya noro ni vigumu, na dawa ya mikono yenye spiriti haiviondoi vema. Maji na sabuni ndiyo silaha. Mahali pasipo na bomba, dumu la lita tano lililotobolewa tundu dogo na kutundikwa karibu na choo linatosha. Matapishi yafutwe kwa karatasi au majivu, kisha mahali hapo paoshwe kwa dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, sehemu moja kwa sehemu 9 za maji, paachwe dakika 10 kabla ya kupanguswa, na dirisha liwe wazi. Dawa hiyo isichanganywe na nyingine yoyote. Nguo na mablanketi ya mgonjwa yafuliwe mbali na yale ya wengine, yaanikwe juani. Wenye watoto wachanga wakumbuke pia kwamba Kenya ilianza kutoa chanjo ya virusi vya rota mwezi wa Julai 2014. Ni matone ya kinywani, bila malipo katika zahanati za serikali, na huanza mtoto afikapo majuma 6. Haitolewi kwa mtoto aliyekwisha kuwa mkubwa, kwa hiyo tarehe za kadi zisipuuzwe.

Mtu aliyeugua, hata akijiona mzima, huendelea kutoa virusi katika choo chake. Kwa hiyo mama anayeuza chai na maandazi kando ya barabara kuu, mpishi wa shule ya bweni, au kijana anayechuna viazi hotelini, hawana budi kukaa mbali na chakula cha watu kwa siku mbili kamili baada ya kuhara na kutapika kukoma. Kwa anayeishi kwa mapato ya siku, siku mbili ni nyingi, na hakuna wa kumlipa. Waajiri na wakuu wa shule wanaoweza kumpa mpishi siku hizo bila kumkata mshahara watatumia fedha kidogo kuliko ile itakayotumika bweni zima likilala.